Mikhail Tsvet, Mtu Aliyetenganisha Rangi za Jani

Ndugu msomaji, katika sura hii utasoma maisha ya mtu aitwaye Mikhail Tsvet. Wataalamu wa maabara duniani kote wanalijua jina hili. Huku kwetu Chamwino ni wachache waliolisikia, ingawa kazi aliyoifanya mtu huyu inatugusa kila msimu wa mavuno. Soma polepole, nawe utaona inatugusa vipi.

Kwanza jina lenyewe. Tsvet ni neno la Kirusi, na maana yake ni rangi. Basi mtu aliyeitwa Rangi alitumia maisha yake kuchunguza rangi. Hiyo ni bahati tu, lakini inasaidia kulikumbuka jina.

Utoto wake

Mikhail alizaliwa tarehe 14 Mei 1872 katika mji wa Asti, nchini Italia. Baba yake alikuwa Mrusi, mtumishi wa serikali. Mama yake alikuwa Mwitalia. Mama huyo alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto hakupata kumjua. Baba alirudi kazini Urusi, naye mtoto akalelewa na mlezi katika nchi ya Uswisi. Huko alikua, akasoma shule, na hatimaye akaingia Chuo Kikuu cha Geneva. Alipenda sana mimea. Alisoma namna mmea unavyoishi, yaani unavyokunywa maji, unavyotumia mwanga wa jua, na jinsi vijichumba vidogo vya jani vinavyofanya kazi. Mwaka 1896 alipata shahada ya juu kabisa, ile ya udaktari wa elimu. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Mwaka huohuo alihamia Urusi, nchi ya baba yake. Alikuwa na cheti kizuri mkononi, akadhani atapata kazi ya kufundisha. Haikuwa hivyo. Serikali ya Urusi wakati ule haikukubali shahada za nchi za nje kwa kazi ya ualimu wa chuo kikuu. Aliambiwa cheti chake hakitoshi.

Wewe uliyerudi darasani ukiwa na umri mkubwa unajua jambo hili linavyouma. Tsvet alikuwa amekwisha kuhitimu, na sasa anaambiwa aanze upya. Alianza upya. Alifanya utafiti mwingine, akaandika maandishi mengine, akajibu maswali ya walimu wengine, na mwaka 1901 akapata shahada ya Kirusi katika Chuo Kikuu cha Kazan. Miaka mitano ilikuwa imepita. Kisha alikwenda Warsaw, mji wa Polandi ambao siku hizo ulitawaliwa na Urusi. Huko alipewa kazi ya chini, ya msaidizi wa maabara. Maabara ni chumba cha kufanyia majaribio ya kisayansi.

Ndani ya chumba hicho ndimo alimofanya kazi iliyomfanya ajulikane.

Swali la jani

Tazama jani la mpapai. Likiwa changa na lenye nguvu, ni la kijani. Likizeeka huwa la njano, kisha huanguka. Je, hiyo rangi ya njano imetoka wapi? Watu wengi husema kijani kimegeuka kuwa njano. Ukweli ni mwingine. Rangi ya njano ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, ila ilifunikwa na kijani. Jani linapozeeka, kijani huharibika na kutoweka, na njano iliyokuwa imejificha huonekana.

Wataalamu wa wakati wa Tsvet walijua kwamba ndani ya jani kuna rangi zaidi ya moja. Lakini ni ngapi hasa? Na utazitoaje moja moja bila kuziharibu? Walikuwa wakitumia dawa kali. Dawa kali hutenganisha, lakini pia huunguza. Ukishaitia dawa kali rangi ya jani, huwezi kuwa na hakika kama unachokiona ndicho kilichokuwamo, au ni kitu kipya ulichokitengeneza wewe mwenyewe.

Tsvet alitaka njia ya upole. Alifanya hivi. Alichukua mrija wa kioo, akausimamisha wima. Akaujaza unga laini mweupe wa mawe ya chokaa, akaushindilia vizuri. Kisha akaponda majani mabichi, akayeyusha rangi zake katika kimiminiko chepesi kinachotokana na mafuta ya petroli. Akapata maji ya kijani. Akayamimina juu ya ule unga, akaacha yazame polepole. Halafu akaendelea kumimina kimiminiko kile kile kikiwa kisafi, bila rangi.

Kimiminiko kilipokuwa kikishuka, kijani kilianza kuachana. Mistari ilijitokeza katika unga mweupe, mmoja chini ya mwingine, kama kanga iliyofumwa kwa pande za rangi mbalimbali. Palikuwa na kijani cha aina mbili: kimoja kinachoelekea bluu, na kingine kinachoelekea njano. Palikuwa na njano za namna kadhaa. Na rangi moja, ya machungwa kama karoti, ilishuka upesi kuliko zote na kutoka chini ya mrija. Kumbe kijani cha jani, tunachokiona kama rangi moja, ni kundi zima.

Kwa nini ziliachana? Hapa nakuomba usome taratibu, maana ndiyo kiini cha habari yote. Fikiri watu wanaotoka kijijini pamoja asubuhi, kwenda mnadani kwa miguu. Njiani kuna vibanda vingi. Mmoja ana marafiki kila kibanda, anasimama kusalimia, anakaa, anaondoka, anasimama tena. Wa pili anasimama mara mojamoja. Wa tatu hana rafiki njia nzima, anapita moja kwa moja. Waliondoka pamoja, lakini ifikapo saa sita mchana wameachana mbali. Hakuna aliyewapiga wala kuwafukuza. Njia yenyewe imewatenganisha. Ndivyo ilivyo katika mrija. Chembe za unga ni vile vibanda. Rangi inayoushika sana unga huchelewa. Rangi isiyoushika huwahi.

Tsvet hakubahatisha unga wa kwanza na kutosheka. Alijaribu unga wa vitu zaidi ya 100, mmoja baada ya mwingine. Wapo watu wanaosoma habari za uvumbuzi wakadhani mvumbuzi huamka siku moja na wazo, na kazi ikaisha. Hesabu majaribio hayo 100, na kila jaribio linataka kuponda, kushindilia, kumimina na kungoja.

Tarehe 21 Machi 1903 alisimama mbele ya chama cha wataalamu wa viumbe mjini Warsaw, akaeleza njia yake. Mwaka 1906 aliiandika katika gazeti la wataalamu wa mimea la Ujerumani, akaipa jina. Jina hilo ni kromatografia. Lisome kwa silabi: kro-ma-to-gra-fi-a. Limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la rangi na jingine la kuandika. Kwa hiyo ni kuandika kwa rangi.

Jaribu nyumbani pamoja na watoto

Huna haja ya maabara ili kuona jambo hili. Tafuta chaki moja nyeupe ya ubaoni, kisahani, maji kidogo, na kalamu ya kuchorea yenye wino mweusi wa maji, zile ambazo watoto hutumia kupaka rangi picha.

Zungushia chaki mstari wa wino mweusi, upana wa kidole kimoja kutoka chini. Weka maji katika kisahani, yawe machache, yasifike kwenye mstari wa wino. Hili ni muhimu, kwa sababu maji yakifika kwenye mstari, wino utamwagika katika kisahani na hutaona kitu. Simamisha chaki katika maji, kisha ngoja. Waambie watoto wasiiguse.

Maji yatapanda ndani ya chaki kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa kibatari. Yakifika kwenye wino yataubeba. Baada ya dakika chache, weusi utaanza kufumuka. Huenda ukaona bluu, au zambarau, au nyekundu, au njano, kila rangi mahali pake. Aliyetengeneza wino alichanganya rangi hizo akapata nyeusi, na chaki imezifumua tena. Wino mwingine hauachani, kwa sababu umetengenezwa kwa rangi moja tu. Na wino wa peni za kawaida za kuandikia haupandi kwa maji. Huo unataka spiriti.

Ukiwa na spiriti unaweza kufanya kama Tsvet mwenyewe. Ponda majani machache ya mchicha au matembele, tia spiriti kidogo, ukoroge mpaka iwe ya kijani. Mimina katika kisahani, simamisha chaki kavu, uache kwa saa moja au zaidi. Aghalabu utaona kijani chini, na juu yake utepe mwembamba wa njano. Ile njano ndiyo iliyojificha. Lakini angalia sana: spiriti hushika moto upesi kuliko mafuta ya taa. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko, mbali na sigara, na mtu mzima awepo. Spiriti hiyo pia ni sumu, isiachwe mahali mtoto anaweza kuinywa.

Hawakumwamini

Sasa turudi kwa Tsvet. Ungedhani wataalamu wenzake walimshangilia. Hawakumshangilia. Mtaalamu mmoja Mpolandi, Leon Marchlewski, aliyekuwa bingwa wa rangi ya majani, alimpinga vikali katika maandishi. Aliona haiwezekani jambo kubwa namna hiyo litatuliwe kwa mrija na unga tu. Mjerumani Richard Willstätter, mtu mkubwa zaidi katika elimu hiyo, naye hakuiamini sana njia ile. Hofu yao ilikuwa kwamba unga unaziharibu rangi, na kwamba mistari inayoonekana imezaliwa na unga wenyewe.

Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Wapo unga wenye nguvu kupita kiasi ambao kweli huharibu rangi ya jani. Ndiyo sababu Tsvet alijaribu zaidi ya aina 100, akachagua zile za upole. Lakini waliompinga hawakufuata maelezo yake kwa makini kama alivyoyaandika, na sauti yao ilikuwa kubwa kuliko yake. Yeye alikuwa mwalimu wa cheo kidogo katika mji wa mbali. Mimi naona hapo hakutendewa haki.

Mwaka 1910 alitoa kitabu kikubwa kuhusu rangi za mimea na wanyama, na kwa kitabu hicho akapata shahada ya udaktari kwa mara ya pili. Kitabu kilikuwa kwa Kirusi. Huko Ulaya ya magharibi ni wachache walioweza kukisoma. Mwaka 1915 tuzo kubwa ya Nobel ya elimu ya kemia ilitolewa kwa utafiti wa rangi za mimea. Aliyepewa ni Willstätter.

Vita

Mwaka 1914 ilianza Vita Kuu ya Kwanza. Wazee wetu huku Ugogo waliionja vita hiyo pia, maana Wajerumani na Waingereza walipigana katika nchi hii, wakachukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na baadaye ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Huko Ulaya vita hiyohiyo ilimfukuza Tsvet. Mwaka 1915 majeshi ya Ujerumani yaliingia Warsaw. Chuo alichofundisha kilihamishwa haraka, kwanza kwenda Moscow, kisha mji wa Nizhny Novgorod. Vitu vyake vingi na karatasi za kazi yake vilibaki nyuma na kupotea.

Mwaka 1917 alipata mwishowe kazi aliyoistahili. Alifanywa profesa wa elimu ya mimea na mkuu wa bustani ya mimea katika mji wa Tartu, ambao leo uko Estonia. Hakuifurahia kwa muda mrefu. Mwaka 1918 Wajerumani waliingia Tartu pia. Mara nyingine tena alifunga mizigo, akaenda Voronezh, ndani ya Urusi. Nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, chakula ni haba, kuni ni haba, na Tsvet alikuwa mgonjwa. Mwaka huohuo jina lake lilikuwa limependekezwa kwa tuzo ya Nobel, lakini hakuchaguliwa. Alifariki Voronezh tarehe 26 Juni 1919, akiwa na miaka 47.

Baada ya kufa kwake, njia yake ilikaa kimya kwa zaidi ya miaka 10.

Iliamshwa katika mji wa Heidelberg, Ujerumani. Willstätter, yuleyule ambaye hakuiamini, alikuwa ametafsiriwa kitabu cha Tsvet kwa Kijerumani kwa matumizi yake mwenyewe. Tafsiri hiyo alimpa mwanafunzi wake wa zamani, Richard Kuhn. Mwaka 1931 Kuhn na wenzake waliijaribu njia ya mrija, wakaona inafanya kazi kama Tsvet alivyoandika. Rangi ya karoti, iliyodhaniwa kuwa kitu kimoja, waliitenganisha ikawa zaidi ya moja. Tangu hapo maabara nyingi ziliiga. Waingereza Archer Martin na Richard Synge waliiendeleza, na mwaka 1952 walipewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1944 Martin na wenzake walionyesha kwamba hata karatasi inaweza kutumika badala ya mrija. Majaribio ya wino ambayo watoto hufanya leo kwa karatasi ni mtoto wa kazi hiyo.

Mboga zetu na nafaka zetu

Ile rangi ya machungwa iliyowahi kutoka katika mrija huitwa karotini. Imo katika majani ya kunde, mchicha, matembele na majani ya maboga, ingawa huioni kwa sababu ya kijani. Mwili hugeuza karotini kuwa vitamini A. Mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha hushindwa kuona vizuri jioni, na akiendelea kukosa anaweza kupofuka kabisa.

Sisi huku hukausha mboga ili zitufikishe mwisho wa kiangazi. Ni desturi nzuri, na imeokoa wengi. Lakini jua kali la Dodoma huiharibu karotini. Mboga iliyoanikwa kivulini mahali penye upepo hubaki na karotini nyingi kuliko iliyoanikwa juani. Ukiiona mboga kavu imepauka na kuwa kama majani makavu ya porini, ujue rangi imekwenda, na rangi ndiyo iliyokuwa chakula cha macho. Wakati wa kuipika, tia karanga au mafuta kidogo, kwa sababu mwili huipokea karotini vizuri pamoja na mafuta.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa miezi michache. Walikuwa wamelishwa chakula chenye karanga zilizoota ukungu. Wataalamu walitumia kromatografia kukitafuta kilichowaua, wakaipata sumu ambayo leo tunaiita sumukuvu. Hutokana na kuvu, na hupenda mahindi na karanga, mazao yetu wenyewe. Sumukuvu haina rangi ya kuonekana kwa macho ya kawaida, haina ladha ya kukuonya, na kuchemsha hakuimalizi.

Mwaka 2016 ugonjwa usiojulikana ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu waligeuka macho kuwa ya njano, matumbo yakavimba, wakatapika. Watu wapatao 20 walifariki, wengi wao watoto. Ilipochunguzwa, ilikuwa sumukuvu katika mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe nyumbani.

Mahindi hupimwaje? Mtaalamu huchukua unga wa mahindi, huutoa sumu kwa kimiminiko, kisha hukipitisha kimiminiko hicho katika mrija mwembamba ulioshindiliwa unga laini. Vitu vingine vyote vya mahindi hupita kwa mwendo wao, na sumukuvu hupita kwa mwendo wake. Ikitoka peke yake, mashine huihesabu. Hivyo mtaalamu hujua kama gunia lile linafaa kuliwa au halifai.

Mashine hiyo haipo kijijini. Kwa hiyo anika mahindi na karanga juu ya turubai, si juu ya udongo. Hakikisha yamekauka kabla ya kuyaweka ghalani, na uweke magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta. Kabla ya kusaga au kukaanga, chambua. Punje iliyovunjika, iliyosinyaa au yenye ukungu itupe. Usiitie katika pombe, maana sumu hubaki. Wala usimlishe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumukuvu hupita katika mwili wake na kutokea kwenye maziwa.